Samli ya Shangazi na Chupa ya Kahama

Eufrazia wa Bukiriro hakuwahi kunipunguzia bei hata siku moja, na kwa hilo nilimheshimu. Mimi nina duka la vipodozi Kabanga, karibu na kizuizi cha mpakani, na riziki yangu yote imetokana na kubishana na watu mpaka wachoke. Kwake nilichoka mimi. Kila nilipokwenda kuchukua samli niliichokonoa, nikainusa, nikakunja pua, nikasema ina maji, ina moshi, ina unywele wa ng'ombe. Yeye alikaa tu mkekani na kibuyu mapajani, anasuka maziwa, mbele na nyuma, kama anayebembeleza mtoto aliyeachiwa na jirani.

"Tukana tu, Mama Kwizera," alikuwa akiniambia. "Anayetukana samli yangu ataibeba. Wa kuogopwa ni yule anayeinusa, akaifunika vizuri, akasema asante. Huyo ameshaondoka."

Nimefanya biashara tangu nikiwauzia karanga abiria wa mabasi, na sijasikia mtu akiisema kanuni ya soko kwa ufupi kuliko hivyo.

Alizaliwa Bukiriro, akaolewa Rulenge, akarudishwa Bukiriro. Sababu ni ile ile inayowarudisha wengi: miaka ilipita, mtoto hakuja. Mume hakumpiga wala hakumtukana. Alimnunulia kitenge kipya, akamsindikiza mpaka njia panda, akamwambia akapumzike kwao kidogo. Eufrazia alipumzika mpaka nywele zikawa nyeupe.

Kaka yake, Anatoli, ndiye aliyempa kazi ya kufanya katika mapumziko hayo. Mke wa Anatoli alifariki wakati binti yao bado ananyonya. Matanga yalipoanuliwa, Anatoli alifika kwa dada yake na mtoto mgongoni, amemfunga vibaya kama wanaume wanavyofunga, na nyuma yake akivuta ng'ombe mmoja kwa kamba. Mtoto alikuwa Wema. Ng'ombe alikuwa Bihogo. Baadaye Anatoli alioa tena, akahamia Karagwe, akawa baba wa kwenye simu. Wema alikulia kwenye maziwa ya Bihogo na mgongo wa shangazi yake.

Kwetu Wahangaza shangazi ni masenge, na masenge si mtu wa kuja kwenye sherehe kula pilau. Katika ukoo wa akina Eufrazia, asubuhi ya siku anayoagwa binti, masenge humwingiza ndani, hufunga mlango, huchota samli ya ng'ombe wa nyumbani na kumpaka usoni kwa vidole vyake: paji la uso, mashavu, kidevu. Akishapakwa haoshi uso mpaka alfajiri ya kesho yake. Anakaa nayo mbele ya wageni, anakula nayo, analala nayo. Huko ndiko kumtoa. Padri atafungisha ndoa, bwana harusi atavisha pete, lakini aliyemtoa binti ni yule aliyempaka. Nyumba nyingi zimeiacha desturi hii. Kwa Eufrazia ilikuwa ndiyo kwanza inangojewa. Hakuzaa, kwa hiyo hakuna aliyemwita mama mzazi, lakini umasenge hauulizi habari za tumbo. Siku hiyo ingekuwa yake, na aliingoja tangu mtoto yule alipofunguliwa mgongoni mwa Anatoli.

Jambo jingine la ukoo ule ni lazima nilieleze hapa, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka mbele. Kwao wakubwa hutajwa mwisho. Zawadi zikitolewa, wanaanza watoto, wanafuata vijana, majirani, wajomba. Mwenye uzito anakaa anangoja. Jina la mwisho kabisa kuitwa ni la masenge. Mshereheshaji akikosea akamwita katikati, atalipa faini ya pombe ya ndizi na watu watamcheka mpaka Krismasi.

Mwaka jana, masika yakielekea ukingoni, nilikwenda Bukiriro kuchukua mzigo wangu nikamkuta Wema amerudi. Alikuwa akifanya kazi saluni Kahama, na huko alipata mchumba anaitwa Bulugu, kijana mrefu, mpole, mwenye mashine ya kusaga Lusahunga, upande wa Biharamulo. Wazazi wake walihamia huko kutoka Shinyanga na ng'ombe wao. Mahari ilikuwa imeshakubaliwa.

"Shikamoo mama," Wema aliniambia, ameinama kwenye beseni uani.

"Marahaba, mwali. Naona Kahama imekupa mashavu."

"Imenipa vumbi, mama. Mashavu nilitoka nayo hapa."

Alikuwa na chupa ndogo yenye pampu. Alijikamulia mafuta viganjani, akayapaka uso mkavu, akasugua taratibu, akachota maji. Mara mafuta yakageuka meupe kama maziwa, yakateleza yote, uso ukabaki safi. Eufrazia akaacha kusuka.

"Unapaka mafuta halafu unayaosha?"

"Ndiyo kazi yake, Masenge. Yanashika vumbi, yanashika poda, halafu yanaondoka nayo."

"Sasa kama unataka yaondoke, kwa nini uyakaribishe?"

Tulicheka. Nikaichukua ile chupa, nikaigeuza. Mimi chupa naisoma mgongoni. Mbele wanaweka ua na sifa. Nyuma ndiko wanakosema walichotia, kwa herufi kama mchanga ili usisome. Nimewahi kuweka chupa mbili za kusafishia uso kaunta moja, moja bei ya mbuzi, nyingine bei ya kuku. Nikasoma migongo. Zote mbili mafuta ya alizeti, zote mbili kitu kile kile cha kuyafanya yakubali maji, zote mbili harufu. Mbuzi na kuku walitofautiana kifuniko. Tangu siku hiyo sinunui mzigo kabla ya kusoma. Lakini siku ile miwani nilikuwa nimeiacha dukani, nikamrudishia Wema.

"Hebu tusomee kilichomo. Kwa Kiswahili, tusije tukadhani ni misa ya Kilatini."

Akasoma, akigeuza kama walivyomfundisha saluni.

"Alizeti."

"Ninayo," akasema Eufrazia.

"Kuna hiki kirefu, sijui nikiiteje. Ndicho kinachofanya mafuta yatoke na maji."

"Hicho sina, na sikitaki. Endelea."

"Parachichi."

"Hilo hapa mpaka mbuzi wamelikinai."

"Nyonyo."

"Imeota pale njiani, hata aliyeipanda hajulikani."

"Vitamini E."

"Huyo naye ni nani?"

"Anazuia mafuta yasichache, Masenge."

"Yangu hayakai mpaka yachache. Mama Kwizera anayagombania na kuyatukana. Endelea."

"Na mwisho kabisa, ganda la limao."

Eufrazia akasogea karibu. "Mwisho kabisa?"

"Mwisho kabisa. Ndilo linalonukia hivi, hebu nusa."

Akanusa kiganja cha Wema, akakishikilia kidogo kuliko ilivyohitajika. "Mimi nina ndimu nyuma ya choo," akasema. "Ndimu ina makali kuliko limao."

"Basi Masenge wewe ni kiwanda!"

"Na samli yako ina nini ndani?" nikamtania. "Tuandike nasi mgongoni."

"Ina Bihogo," akanijibu. Bihogo wa wakati huo alikuwa mjukuu wa yule wa kwanza, jina lilirithiwa. "Ina Bihogo, basi."

Ndipo akauliza lililokuwa moyoni. Aliliuliza akiwa ameangalia kibuyu, kama mtu anayetaja bei ya mwisho huku akijifanya hajali.

"Siku ya kukuaga, nitakupaka?"

Wema aliinuka kutoka kwenye beseni. Alifuta uso kwa khanga, akaikunja, akaikunjua.

"Masenge, samli inanukia zizi."

"Huko unakokwenda wana ng'ombe kuliko sisi sote. Wao wananukia nini, marashi?"

"Sisemi ng'ombe ni mbaya. Nimenuka maziwa tangu utotoni, shuleni waliniita Kibuyu. Nataka siku moja tu nisinuke kazi. Na kuna mpambaji anatoka Ngara mjini, nimeshaongea naye."

"Mpambaji alikubeba?"

Kuku mmoja alikuja akanywa maji ya beseni, akatikisa kichwa kwa ile sabuni ya mafuta. Wema akacheka, akamsogelea shangazi yake, akamwekea kichwa begani.

"Haya, tugawane. Sendofu uso ni wako, harusi uso ni wa mpambaji. Ila Masenge, nakuomba. Yasinuke."

"Hayatanuka," akasema Eufrazia.

Mapatano yakafungwa hivyo, mbele yangu, na mimi nikabeba samli yangu nikaenda kuwahi gari.

Sasa nieleze kosa lenyewe, maana nimesikia likielezwa vibaya kuanzia Rulenge mpaka Lusahunga. Wenye viwanda huandika kilichozidi kwanza, kisha kinachofuata, mpaka mwisho. Kilichotajwa mwisho ni tone. Anayeuza vipodozi analijua hilo kama anavyojua noti bandia. Eufrazia hakulijua, wala hakujua kwamba kuna la kujua. Yeye alisikiliza ile chupa ikisomwa kama anavyosikiliza majina yakiitwa uani siku ya zawadi. Alizeti, parachichi, nyonyo: hao ni watoto na majirani. Wanatangulia ili waishe. Aliyengojwa mpaka mwisho kabisa ndiye mwenye shughuli. Katika chupa ile, masenge alikuwa ganda la limao.

Basi akalitafutia ganda hilo heshima yake. Aliniambia baadaye alivyofanya, na sikuona mahali alipofanya kwa pupa. Alichuma ndimu mbichi zenye ganda la kijani, akazimenya juu juu, akatwanga maganda kinuni, akayakamua kwa kitambaa. Yalipoonekana kidogo akaongeza maji ya ndimu zenyewe. Akayeyusha samli mpya, akachanganya, akaacha ishikane, akanusa, akaona Bihogo bado yumo, akaongeza tena. Akajipaka mwenyewe mkononi pale jikoni, akakaa nayo siku nzima akipika maharage. Haikumfanya neno. Jikoni kwake hamna dirisha.

Sendofu ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa Juni, wakati kahawa imeanikwa kila ua. Wanawake wachache tuliingia ndani na Wema, mlango ukafungwa. Eufrazia alikuwa amevaa kitenge ambacho sikuwahi kumwona nacho. Nadhani ni kile cha njia panda. Alichota samli kwa vidole vitatu. Harufu ya ndimu ikajaa chumba, Wema akafumbua macho kwa mshangao.

"Masenge! Inanukia kama ile chupa."

"Nilikwambia haitanuka. Tulia."

Akampaka. Paji la uso, kutoka katikati kwenda pembeni. Shavu la kulia, kutoka puani kwenda sikioni. La kushoto vivyo hivyo. Kidevu, kwenda chini. Hakusugua kama Wema alivyosugua siku ile ya beseni. Alivuta vidole polepole kama anayesawazisha udongo wa ukuta mbichi, na kila alipopita paliachwa njia inayong'aa. Alikuwa akisema maneno ya Kihangaza ambayo masenge husema, na mengine yalikuwa yake mwenyewe, sitayaandika. Wema alilia, akaambiwa asijifute.

Kisha tukamtoa nje. Turubai lilikodiwa moja, nalo liliwatosha wageni wa upande wa Bulugu na wazee. Bibi harusi aliwekwa kiti mbele, uani kabisa, ili aonekane na kila mtu. Anatoli alikuwapo, na suti. Alitoa hotuba ndefu. Jua lilikuwa lile linalokausha kahawa, halina wingu wala huruma, na Wema akakaa chini yake tangu asubuhi mpaka zawadi zilipoisha, uso unameremeta. Nilimwambia niliyekaa naye, "Samli hii ningeitia kwenye chupa yenye pampu, ningekuwa na nyumba Mwanza."

Zawadi zikaitwa kama zinavyoitwa. Watoto, vijana, majirani, wajomba. Mwisho kabisa mshereheshaji, mtu mmoja wa Rulenge anayeitwa Juvenali, akashusha sauti: "Na sasa, aliyetufanya tungoje!" Eufrazia akaja akivuta mtamba kwa kamba, binti wa Bihogo, pekee aliyekuwa naye. Hata Mama Bulugu, mama wa kijana, alisimama akapiga vigelegele.

Ijumaa alfajiri Wema akaosha uso, wakasafiri kwenda Lusahunga. Jioni akasema uso unawaka. Wakadhani ni upepo wa safari. Jumamosi asubuhi, mpambaji alipofungua sanduku lake na kumsogeza dirishani, alilifunga tena.

Nilikuwapo, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa. Malengelenge yalikuwa yametoka, yamejaa maji, na chini yake ngozi imekuwa nyeusi nyekundu. Lakini hayakutoka ovyo kama ndui. Yalifuata njia. Kwenye paji la uso, kutoka katikati kwenda pembeni. Kwenye mashavu, kutoka puani kwenda sikioni, mistari mitatu mitatu. Kidevuni, kwenda chini. Mtu yeyote aliyekuwa ndani ya chumba kile Alhamisi angesoma mkono wa nani umepita pale.

Walimfunika shela nzito, ndoa ikafungwa. Bulugu alikula kiapo bila kigugumizi, nampa haki yake. Lakini shela haizuii midomo. Kabla sadaka haijapita, neno lilikuwa limeshafika nje, na neno lilikuwa moja.

"Mkorogo."

"Si alikuwa saluni Kahama? Hao ndiyo kazi yao, wanajichubua."

"Umemlipukia siku ya harusi. Mungu si Athumani!"

"Wametuuzia ng'ombe aliyepakwa rangi."

Huyo wa mwisho alikuwa mama mdogo wa Bulugu, na alisema hilo jikoni, nyumbani kwa bwana harusi, tukiwa tunapakua chakula. Eufrazia alikuwa kwenye kona, anaosha sahani ambazo hakuna aliyemwomba aoshe. Alikuwa hajamkaribia Wema tangu alipouona ule uso. Akafuta mikono, akasimama katikati ya masufuria.

"Si mkorogo," akasema. "Binti yangu hajajichubua. Ni mkono wangu. Nilimpaka samli ya kwetu nikatia ndimu, nikamweka juani. Nilidhani ndimu ndiyo kubwa."

Mama Bulugu aliweka upawa chini. "Ndimu? Usoni kwa mwali?"

"Ilikuwa kwenye chupa yake. Walisoma nikasikia."

Wema alikuwa mlangoni. Alikuwa ameletwa kula kabla ya wageni, shela imeinuliwa kidogo ili aweze kutafuna. Eufrazia alimtazama. Nilidhani yule binti atasema kitu, hata neno moja, hata "Masenge hakukusudia". Alitazama sakafu.

"Basi, mama," Mama Bulugu akasema, na hakusema kwa ukali, "nimekusikia. Mkwe wangu ni safi, na atakayemtaja mkorogo tena atatoka kwangu. Lakini mkono huo ukae kwenu."

Simlaumu. Ningekuwa mimi ndiye mwenye mwana, ningesema hivyo hivyo. Jumatatu mganga wa hospitali aliyemwona Wema alithibitisha: maji ya ndimu na jua havikutani kwenye ngozi, huunguza, alama hukaa miezi. Jina la Wema likasafishika mpaka likang'aa. Nimeona watu wakinunua vitu vingi kwa bei nyingi, lakini Eufrazia alilipa bei ya kwanza kutajwa, hakuomba punguzo, na alichonunua hakikuwa chake.

Alirudi Bukiriro na kibuyu chake. Malengelenge yalikauka, yakaacha madoa. Mwanzoni Wema alipiga simu kila Jumapili, kisha Jumapili moja moja, kisha Eufrazia akawa anapiga yeye, anaambiwa Wema yuko kisimani. Huko kuna maji ya bomba. Sikumwambia.

Mwaka huu, mvua za masika zikianza, nikasikia kwa dereva wa lori kwamba Wema amejifungua mtoto wa kike. Kwa ukoo wao, mafuta ya kwanza ya mtoto hutoka kwa masenge aliyemtoa mama yake. Hupelekewa habari, akaja, akampaka, akampa jina la nyumbani. Nilidhani Eufrazia hajajua. Siku ile ile alikuja Kabanga kwa miguu yake, hajawahi kuja dukani kwangu hata mara moja, amefunga kikopo cha kioo kwenye khanga. Alijua kabla yangu. Hakupelekewa habari, alisikia sokoni Rulenge, kama mtu yeyote.

"Unakwenda Biharamulo kufuata mzigo," akaniambia.

"Keshokutwa."

"Mpelekee mtoto. Ila kwanza iandike mgongoni. Vilivyomo."

Nikachukua karatasi ya bei na kalamu ya wino mzito. "Niandike nini?"

"Samli."

"Halafu?"

"Halafu hakuna. Iandike kubwa, asome bila kuhangaika."

Nikaandika SAMLI, nikabandika. Akakigeuza kikopo mkononi, akaliangalia lile neno moja. Hajui kusoma sana, lakini neno hilo anaijua sura yake, lipo ubaoni kwangu na bei mbele yake. Akapitisha kidole juu ya karatasi ili ishike vizuri.

"Hata chumvi sikutia," akasema.

Lusahunga nilipokelewa vizuri. Mama Bulugu alikuwa uani anaanika mahindi, akanisalimu, akarudi kwenye mahindi yake. Wema alikuwa ndani na mtoto, mnene, mweusi mzuri, amelala. Uso wa Wema ulikuwa umerudi, isipokuwa shavu la kushoto, mstari mmoja wa kidole, mwembamba, kutoka puani kwenda sikioni. Kwenye kabati palikuwa na chupa yake ya pampu na kopo la mafuta ya mgando ya mtoto, jipya.

Nikampa kikopo. Alisoma. Akaketi. Akafungua kifuniko, akanusa, na nilijua anatafuta nini. Haikuwamo. Ilikuwa na harufu ya Bihogo tu, zizi na moshi wa jikoni kwao. Alibaki ameinamisha pua pale muda, machozi yakawa yanamtoka kimya kimya, hakuyafuta. Mama Bulugu akakohoa uani. Wema akachukua kifuniko, akakizungusha, akakikaza, akajaribu kama kimekaza.

"Asante," akasema. "Mwambie Masenge asante sana."

"Hutampaka?"

"Mama amekataa. Na mimi mwenyewe, Mama Kwizera, mkono unakataa. Namwangalia huyu alivyo, nasema, hapana." Akapandisha kikopo juu ya kabati, nyuma kabisa. "Lakini mwambie nimempaka. Nakuomba. Mwambie nimempaka, mtoto akalala."

Niliondoka na ombi hilo. Pale Kabanga nimewadanganya Warundi na Watanzania kwa usawa, kuhusu bei niliyonunulia, kuhusu mzigo uliobaki, kuhusu ugonjwa wa mama yangu ambaye ni mzima. Uongo mmoja zaidi haungekuwa mzigo. Nilikwenda moja kwa moja Bukiriro kabla haujapoa mdomoni.

Eufrazia alikuwa mkekani, anasuka.

"Amesoma?"

"Amesoma."

"Akainusa?"

"Akainusa. Akalia."

Kibuyu kilikwenda mbele, kikarudi nyuma. "Akasema nini?"

Nilifungua kinywa. Yule mwanamke alikuwa ameuza samli tangu mimi sijajua kuhesabu chenji. Alikuwa akiniangalia usoni kama anavyomwangalia mteja, na hajawahi kuniangalia hivyo nikashinda.

"Kasema asante."

Kibuyu kikasimama.

"Akaifunika?"

"Akaifunika."

"Vizuri?"

"Vizuri."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei ambayo alishaikisia. Akaweka kibuyu kando, akaingia ndani, akatoka na samli yangu, ile niliyokuwa nimeagiza, akaiweka miguuni pangu.

"Chukua," akasema. "Lipa unachotaka."

Kwa miaka yote niliyomjua nilikuwa nikilisubiri neno hilo. Nikachuchumaa, nikafungua, nikachokonoa kwa kidole, nikanusa, nikakunja pua. Nikamwambia ina maji. Nikamwambia ina moshi, ina unywele wa ng'ombe, samli gani hii, ningeipata nzuri zaidi Rulenge, ananionea. Nilitukana mpaka maneno yakaniishia, nikaanza upya. Kibuyu kilibaki kando.